Ngoma Niliyoifuta Daftarini: Historia ya Snea ya Kwaya Yetu



Kamati ya jubilii iliponikabidhi ukurasa wa vyombo, nadhani ilitarajia niandike juu ya kinanda, vipaza sauti na sare. Hayo mtayaona katika ripoti ya mweka hazina, pamoja na bei zake. Mimi niliomba nafasi ya kuandika juu ya chombo kimoja tu, ile ngoma ndogo ya shaba inayowekwa karibu na sauti ya tena, kwa sababu nina deni nayo. Daftari la mali ya kwaya liko mikononi mwangu tangu nilipochaguliwa kuwa katibu. Katika orodha ya mwaka wangu wa kwanza, kwa mwandiko wangu mwenyewe ambao wanafunzi wangu wanaujua vizuri, kuna mstari huu: "Ngoma ndogo 1, mbovu, itupwe."

Haikutupwa. Mama anayefagia kanisa aliiona inafaa. Aliigeuza juu chini, akaitoa ngozi iliyopasuka, akaweka ndani yake mabaki ya mishumaa. Ikakaa stoo hivyo, chini ya matawi makavu ya Jumapili ya Mitende. Nataka hilo liandikwe kwenye kitabu hiki, kwamba aliyeiokoa ngoma ni mwenye ufagio, na aliyeihukumu ni mwenye kalamu.

Wenye maduka ya vyombo Mombasa wanaiita snea. Wazee wa bendi za zamani waliiita saidi dramu, yaani ngoma ya ubavuni, kwa kuwa askari aliitundika kwa mkanda wa ngozi ikalala upande wa paja lake la kushoto. Kwa jinsi ilivyolala, mkono wa kushoto haukuweza kuushika mkwiro kama ule wa kulia. Ilibidi kiganja kiangalie juu, mkwiro ukae penye shina la kidole gumba na kutokea kati ya kidole cha kati na cha pete. Leo ngoma inakaa juu ya stendi, wala hakuna haja ya kushika hivyo, lakini wapigaji wengi duniani bado wanashika mkono wa kushoto kama watu wanaotembea gwaride.

Kazi yake ni hii. Ina ngozi mbili, moja juu na moja chini. Ya chini ni nyembamba sana, na juu ya uso wake zimelazwa nyuzi zilizobanwa ncha mbili. Zamani zilikuwa za utumbo wa mnyama, siku hizi ni waya uliosokotwa kama springi. Ukipiga juu, hewa iliyo ndani inaisukuma ngozi ya chini, nyuzi zinaruka na kurudi, na sauti inatoka na mchakacho. Pembeni kuna kidude cha kuzilegeza nyuzi. Ukizilegeza, mchakacho unaondoka na unabaki na ngoma ya kawaida, yenye sauti ya mtungi.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Sikio lililokua karibu na Mgiriama anayetikisa kayamba linajua kwamba mchakacho ndio unaoibeba ngoma. Mbegu kavu ndani ya mabua hazinyamazi. Zinajaza nafasi kati ya pigo na pigo ili miguu isipotee. Wazungu walifunga nyuzi chini ya ngoma. Babu zetu walimpa mtu mwingine kayamba asimame kando ya mpiga chapuo. Mimi naiona snea kuwa ni chapuo na kayamba katika mwili mmoja. Mwalimu wetu wa kwaya hakubaliani nami, na amesema ataandika yake kwenye jubilii ijayo.

Pwani hii haikungoja mgeni kuja kuifundisha sauti kubwa. Aprili 1498, Vasco da Gama alipotia nanga hapa Malindi, mwandishi wa safari ile aliandika kwamba mfalme wa Malindi alikuja kumwona akiwa na wapiga tarumbeta wengi, na siwa mbili za pembe za ndovu zilizochongwa, ndefu kama kimo cha mtu, zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni. Wengi wetu tumepeleka wanafunzi kuiona nguzo ya Da Gama, lakini siwa hatuwaambii. Mwaka ujao nitawaambia.

Ngoma ya nyuzi ilikuja baadaye sana, nayo ilikuja na majeshi. Ulaya ilikuwa ngoma ya askari wa miguu kwa karne nyingi, ikienda pamoja na filimbi na kutoa amri ambazo sauti ya mtu isingefika. Katika karne ya kumi na tisa, pwani yetu iliiona katika meli za manowari, katika gwaride, na katika bendi ya Sultani wa Unguja iliyokuwa na wapigaji wengi wa Kigoa. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kukataza biashara ya watumwa baharini. Miaka miwili baadaye, wamishenari wa CMS walianzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, iwe makao ya waliokombolewa. Kengele yao ndiyo iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake, na kila anayepanda matatu kutoka kwetu kwenda Mombasa anapita hapo, ingawa makanga hutaja jina bila kujua habari yake. Katika makao kama yale, na katika shule za misheni zilizofuata, watoto walijifunza kusoma, useremala, tenzi, na kutembea kwa mstari.

Vijana wa mjini hawakungoja kualikwa. Miaka ya 1890, Mombasa na Lamu ilizaliwa ngoma mpya iliyoitwa beni, kutokana na neno la Kiingereza la bendi. Walijishonea sare, wakapeana vyeo vya kijeshi, wakatafuta tarumbeta na ngoma za mikwiro, mtaa ukashindana na mtaa. Kule Lamu, Mkomani na Langoni walishindana mpaka wakamaliza mali. Baadhi ya wazungu waliona ni maigizo tu. Wengine waliingiwa na hofu, kwa maana mtu akishajua kutembea kwa hatua yako na kupiga ngoma yako, humwonei tena mzaha. Jeshi la Keya lilipoundwa mwaka 1902, likawa na bendi zake. Vita vya kwanza vya dunia vilipowachukua wapagazi wa Kariakoo kutoka kila upande, beni ilisafiri nao na kufika bara, hata Tanganyika na Nyasa.

Hapa kuna jambo ambalo mimi kama mwalimu wa somo la jamii siwezi kulipita. Miaka ileile ngoma ya askari ilipokuwa inapita barabarani kwa heshima, ngoma ya Mgiriama ilikuwa mashakani. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alizunguka vijijini akiwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu, wakakataa kutoa vijana kwenda kufanya kazi za serikali. Alikamatwa na kupelekwa mbali na kwao, na Agosti 1914 serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti. Misheni nazo kwa kawaida ziliwataka waumini wapya waiache ngoma nje ya mlango, pamoja na pombe na hirizi. Kwa hiyo katika makanisa mengi ya pwani ngoma ya kwanza kusikika ndani ya ibada haikuwa chapuo. Ilikuwa ngoma ya bendi, kwa sababu ilikuja na sare na shule, na hakuna mganga aliyewahi kuipiga.

Mambo yalibadilika polepole. Mwaka 1958 kule Kamina, Kongo, padre Mfransisko aliyeitwa Guido Haazen na kwaya yake ya wavulana waliirekodi Missa Luba, misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa ngoma za Kiafrika. Desemba 1963 mtaguso wa Vatikano uliwaruhusu ndugu zetu Wakatoliki kutumia muziki wa kienyeji katika ibada. Makanisa mengine, pamoja na letu, yalifuata kila moja kwa mwendo wake, na mengine bado yako njiani. Wanakwaya wakongwe watakumbuka kanda ya Muungano National Choir ya Nairobi chini ya Boniface Mganga, ya mwaka 1990, yenye Missa Luba hiyohiyo na nyimbo za makabila ya Kenya. Kanda hiyo ilisikilizwa hapa mpaka utepe ukakatika.

Ngoma yetu ilifika kanisani kutoka shule iliyokuwa na bendi ya gwaride. Bendi ilipokufa, vyombo viligawanywa, na kanisa likapata ngoma moja na tarumbeta moja. Tarumbeta iliibwa. Aliyepewa ngoma alikuwa kijana wa sauti ya besi, ambaye leo ni mzee tunayemheshimu sote, naye ameniomba nisiandike jina lake. Aliipiga miaka mingi, katika maandamano ya Mitende, harusi, mazishi, na mashindano ya kwaya ya dayosisi. Kisha tulinunua kinanda cha umeme chenye midundo ndani yake. Jumapili moja alifika na mikwiro yake ndani ya mfuko wa Biblia, akakuta kinanda mahali pake. Hakuna aliyemwambia neno, kabla wala baada. Alikaa benchi la nyuma, na amekaa hapo mpaka mwaka huu.

Wazo la kuitengeneza lilitokana na umeme kukatika katikati ya ibada ya Krismasi. Kinanda kilinyamaza, watu wakaendelea kuimba kwa kupiga makofi, na kila mmoja akashika mwendo wake. Baada ya ibada mwenyekiti aliniuliza, "Katibu, ile ngoma iko wapi?" Nilijibu kwamba iko stoo. Sikutaja daftari.

Tulipoimwaga mishumaa na kuifuta vumbi, tuliona hali yake. Mzinga ni wa shaba iliyopakwa kromu. Chumvi ya bahari ilikuwa imeitoboa kromu vitundu vidogo, na penye vitundu shaba ilitoa kutu ya kijani. Pete mbili za juu na chini zilikuwa na kutu nyekundu. Kati ya skrubu zake ndefu, mbili zilikuwa zimeshikana kabisa, na nyuzi za chini zilikuwa zimebaki kama nywele za mtu mgonjwa. Ngozi hazikuwepo.

Fundi wa kwanza tuliyempelekea alitaka kutoboa mashimo mapya na kutia bolti za kawaida. Tukamshukuru, tukaondoka. Meno ya skrubu za ngoma za Kiingereza za zamani si ya milimita, na ukilazimisha skrubu ya leo unaharibu kishikizo ambacho hakina duka la kukiuza. Tuliziacha zile mbili zilizoshikana zinywe mafuta ya taa wiki nzima, tukizigonga kidogo kila jioni. Moja ilifunguka. Ya pili ilikatika, na fundi wa jua kali wa Kilifi mwenye mashine ya kukerezea akachonga nyingine kwa kuipima na mwenzake. Ukiitazama kwa karibu utaijua, rangi yake ni ya manjano zaidi.

Kromu tuliisugua kwa karatasi ya foili iliyoloweshwa maji, maana msasa ungeila. Penye shaba tupu tulitumia ukwaju, kama mama zetu wanavyosafisha sinia. Kuna aliyetaka tuipeleke ikapakwe kromu upya ing'ae kama mpya. Nilipinga, na nashukuru nilishinda kwa kura moja. Mbonyeo ulio ubavuni ni wa siku ilipoanguka kutoka juu ya lori, kwaya ikienda mashindano, na sioni kwa nini tuufiche.

Shida kubwa ilikuwa ngozi. Tangu mwaka 1957, Remo Belli alipoanzisha kampuni yake Marekani, dunia imehamia ngozi za plastiki, na mtu akiingia dukani anaulizwa inchi ngapi, basi. Yetu ni inchi 14. Tulinunua mbili Mombasa, zikakataa kuingia. Ndipo tukajua kwamba ngoma za Kiingereza za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, za Premier kwa mfano, zilikuwa na kipimo kilichozidi kidogo kile cha leo. Milimita chache tu, lakini zinatosha kukurudisha nyumbani na pesa za kwaya zikiwa zimeliwa.

Tuliokolewa na mzee mmoja wa upande wa Ganze, fundi wa chapuo na kayamba. Aliipokea, akaigonga ubavuni kwa kidole, akasema mzinga ni mzima. Akaagiza ngozi ya mbuzi kwa juu, na ya mwana mbuzi kwa chini, kwa kuwa ya chini ikiwa nene nyuzi hazitacheza. Ngozi zililowekwa katika maji ya jivu mpaka manyoya yakalegea, zikakwanguliwa kwa kisu butu, zikaoshwa. Zikiwa bado mbichi alizikunja kuizunguka pete ya ndani, akisukuma ukingo chini kwa mpini wa kijiko, akazivika mzinga, akazikaza kidogo tu. Akatuonya tusizianike juani. Zilikauka kivulini siku mbili. Kukaza kwa mwisho kulikwenda kwa msalaba, skrubu ya hapa kisha iliyo mkabala wake, nusu duara kila mara, kama anavyokaza nati za gurudumu. Nyuzi mpya za waya tulizinunua, na tukazifunga kwa mshipi wa wavuvi, ambao haujali chumvi.

Katika halmashauri ya kanisa kulikuwa na swali. Mzee mmoja alisema fundi yule ngoma zake huenda matangani na kwenye mambo mengine ya usiku, na haifai mkono wake uingie madhabahuni. Hakusema kwa ubaya. Wazazi wake walibatizwa kwa gharama ya kuyaacha mambo hayo, na hakutaka tuyafanye rahisi. Palikuwa na kimya. Kisha kasisi akauliza ngozi ilitoka kwa mbuzi yupi. Nikasoma kwenye kumbukumbu: mbuzi wa sadaka ya mavuno, aliyenunuliwa mnadani na kuliwa kwenye semina ya akina mama, pamoja na mwanawe. Kasisi akasema, "Nyama tulikula sote. Ngozi ina dhambi gani?" Mzee alicheka, lakini aliomba fundi naye aalikwe ibada siku ya jubilii, asilipwe tu na kusahauliwa. Hilo limo katika kumbukumbu, na barua nimeipeleka mwenyewe.

Tulipokuwa tumeifungua ngoma, kabla ya ngozi mpya, niliangaza tochi ndani ya mzinga. Kulikuwa na maandishi ya penseli yamezunguka ukuta wa ndani: "Ngozi mpya, Pasaka." "Ngozi mpya, Mavuno." "Nyuzi mpya, harusi ya mwalimu." Mistari tisa. Mwandiko ulikuwa wa mtu mmoja, ukianza na herufi za kijana na kuishia na herufi za mtu mzima. Nilijua ni nani kabla sijafika mwisho.

Tulikwenda kwake jioni, mwenyekiti, mwalimu wa kwaya na mimi. "Shikamoo, baba." "Marahaba, wanangu, karibuni." Tulikunywa chai. Mwenyekiti akaanza kueleza habari ya jubilii kwa kuzunguka, nikamkatiza, ingawa si desturi. Nilimwambia kwamba tulimkosea, kwamba hakuna aliyemwambia kitu siku ile ya kinanda, na kwamba mimi ndiye niliyeandika itupwe. Alinyamaza kwa muda. Akauliza, "Mliandika itupwe, au mliandika imekufa?" Nikamjibu, "Itupwe, baba." Akasema, "Afadhali. Kilichotupwa huokotwa." Akaingia ndani, akatoka na mikwiro ileile ndani ya mfuko uleule wa Biblia.

Mikono yake inatetemeka sasa, na yeye mwenyewe amesema hatapiga ibada nzima. Anafundisha. Mwanafunzi wake ni binti wa kidato cha pili kutoka sauti ya alto, na kila Jumamosi utawasikia chini ya mwembe: ma-ma, ba-ba, ma-ma, ba-ba, mawili ya kulia, mawili ya kushoto, polepole kwanza, kisha haraka mpaka mapigo hayatenganishiki na ngoma inatoa mlio mmoja mrefu kama mvua juu ya mabati. Akikosea hamkemei. Anamwambia aanze tena na "mama". Ameanza pia kumfundisha kuzilegeza nyuzi katika nyimbo za Kigiriama, ili kayamba ifanye kazi yake na ngoma isiingilie. Yeye hajawahi kusoma hayo popote.

Ngozi ya mbuzi ina tabia zake. Wakati wa kaskazi inakaza yenyewe na sauti inakuwa kali. Kusi ikianza na mvua za masika, inalegea mpaka inalia kama boksi. Tumekubaliana kwamba kila Jumapili itatolewa nje na kupashwa joto dakika chache kabla ya ibada, kama wapiga chapuo wanavyoota ngoma zao kwenye moto wa makuti. Daftari nimelirekebisha. Sikufuta mstari wa zamani, nimeupiga mkwaju mmoja ili usomeke, na chini yake nimeandika: "Ngoma ndogo 1, shaba, nzima."

Siku ya jubilii itapiga mara tatu, kwenye maandamano ya kuingia, wakati wa sadaka, na wimbo wa mwisho. Maandamano ataanza mzee mwenyewe kutoka getini mpaka mlangoni, kisha binti ataendelea. Mkiiona juu ya kiti nje ya vestri asubuhi, imewekwa pale ipate jua. Tafadhali wazuieni watoto wasiiguse, na mwenye mikono ya mafuta ya mahamri asiishike kabisa.